Jinsi ya Kusoma Akata Witch, Kitabu cha Kwanza cha Safari ya Sunny Nwazue

Kabla ya kununua, soma vizuri jina lililoko kwenye jalada. Riwaya iliyotoka Marekani mwaka 2011 kwa jina la Akata Witch ilichapishwa Nigeria na Uingereza kwa jina la What Sunny Saw in the Flames, na msomaji asiyelijua jambo hilo anaweza kununua nakala mbili za hadithi ileile akidhani amepata kitabu cha kwanza na cha pili. Cha pili nacho kina majina mawili: Akata Warrior, kilichotoka mwaka 2017, na Sunny and the Mysteries of Osisi. Cha tatu ni Akata Woman cha mwaka 2022. Mwandishi wa vyote ni Nnedi Okorafor, na vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Anza na kile cha 2011, hata kama rafiki yako anakisifia zaidi cha pili, kwa sababu katika mfululizo huu kanuni za uchawi hufundishwa mara moja tu, katika kitabu cha kwanza, na baada ya hapo mwandishi huendelea na safari akiamini kwamba umekwisha kuzishika.

Kitabu chenyewe si kirefu. Kina kurasa takriban 350, na Kiingereza chake hakimshindi mwanafunzi wa sekondari aliyezoea kusoma. Ugumu wake uko kwingine. Kinatudai tuingie katika nchi tusiyoijua, kisha, ndani ya nchi hiyo, katika jamii ya siri ambayo hata wenyeji wengi wa nchi hawaijui. Ndiyo maana napendekeza kisomwe polepole kuliko riwaya nyingine za vijana, na kwa utaratibu nitakaoueleza hapa.

Anza kwa kujua mahali unapokwenda. Hadithi inafanyika kusini-mashariki mwa Nigeria, hasa Aba, mji wa biashara katika eneo la Waigbo. Shujaa wake, Sunny Nwazue, ana umri wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa New York, akarudishwa Nigeria na wazazi wake akiwa na miaka tisa, na ni mtu mwenye ualbino. Mambo hayo matatu yanamfanya asikae vizuri popote: Nigeria anaonekana Mmarekani, Marekani angeonekana Mnigeria, na kote watu wanaitazama ngozi yake kabla ya kumsikiliza. Neno akata lililoko kwenye jina la kitabu ni neno la dharau ambalo baadhi ya Wanigeria huwaitia watu weusi wa Marekani au waliozaliwa huko. Msomaji akilijua hilo tangu mwanzo, ataelewa kwamba jalada lenyewe limebeba tusi analotupiwa mtoto, na kwamba mwandishi amelichukua tusi hilo makusudi. Okorafor mwenyewe alizaliwa Marekani mwaka 1974, na wazazi wake ni Waigbo waliokwenda huko kusoma, kisha vita vya Biafra, vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Nigeria vya 1967 hadi 1970, vikawazuia kurudi. Anaandika kuhusu mtu wa kati na kati kwa kuwa ameijua hali hiyo.

Sasa tuje kwenye neno ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalomkwaza msomaji wa Kiswahili kuliko jingine lolote. Neno la Kiingereza lililoko kwenye jalada, witch, tumezoea kulitafsiri kuwa mchawi, na kwetu mchawi ni mtu mbaya. Kiswahili kimetenga kazi hizi kwa uangalifu mkubwa: mganga huponya, mchawi huroga, mwanga hutoka usiku, mlozi huogopwa na majirani. Hakuna mzazi anayemwita mtoto wake mchawi kwa mapenzi. Ukiingia katika kitabu hiki ukiwa na maana hiyo kichwani, utamsubiri Sunny awe mwovu au utashindwa kuelewa kwa nini watu wazima wema wanamfundisha kwa furaha. Liweke kando neno hilo mpaka umalize. Ndani ya kitabu wenye uwezo huitwa Watu wa Chui, nawe uwaite hivyohivyo. Wasio na uwezo huitwa Wanakondoo. Uwezo wenyewe si mwema wala si mwovu: upo kama moto ulivyo, na kila mtu hupimwa kwa anachokifanya nao. Neno la Kiswahili linalokaribia zaidi hali ya Sunny ni lile la kurithi mikoba, kwa sababu uwezo wake haukutoka kwa wazazi waliomlea, umeruka kizazi ukatoka kwa bibi yake, naye ameupokea bila kuambiwa na bila kufundwa.

Chui huyo hakubuniwa na mwandishi, na hapa inafaa ukae kidogo. Katika eneo la mto Cross, kusini-mashariki mwa Nigeria na ng'ambo ya mpaka nchini Kamerun, kuna chama cha kale cha wanaume kinachoitwa Ekpe, neno lenye maana ya chui, na chama hicho kina maandishi yake ya alama yanayoitwa Nsibidi. Alama hizo huchorwa ukutani, huchorwa mwilini, na hutiwa kwenye kitambaa cha rangi ya nili kinachoitwa ukara, ambacho anayekivaa huwa amevaa maneno. Sisi tuliokulia kwenye kanga tunaelewa jambo hilo upesi: nguo inaweza kusema, na si kila anayeiona huelewa inamwambia nani. Tofauti ni kwamba maandishi ya kanga husomwa na yeyote ajuaye kusoma, ilhali Nsibidi ina tabaka ambazo hufunguliwa kwa walioingizwa tu. Okorafor amelichukua jambo hilo la kweli akalisogeza mbele hatua moja, akafanya Nsibidi iwe lugha ya kichawi ambayo huonekana ikitembea kwenye ukurasa mbele ya macho ya mwenye kuisoma. Ukikutana na alama hizo kati ya sura na sura, usizipite ukidhani ni mapambo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ndivyo ninavyoshauri kitabu hiki kisomwe. Siku mbili za kwanza uwe mgeni. Soma sura za mwanzo bila kalamu, bila kamusi, bila kusimama kutafuta kila neno la Kiigbo au kila chakula. Egusi ni mchuzi wa mbegu zilizosagwa za mmea wa jamii ya tikiti, wali wa jollof hupikwa kwa nyanya na pilipili, na hilo linatosha kukufikisha mbele. Acha tukio la mshumaa likushike: Sunny anautazama mwali wa moto wakati umeme umekatika, na ndani yake anaona mwisho wa dunia. Usiulize bado ni kwa nini. Yeye mwenyewe hajui, na mwandishi anataka wewe na yeye muwe katika giza moja.

Siku ya tatu ndipo uchukue daftari. Jamii ya Watu wa Chui inaingia hadithini haraka, na majina yanamiminika. Andika kwanza watoto wanne, kwa kuwa wao ndio nguzo. Orlu ni mwanafunzi mwenzake Sunny, mtulivu, mwenye ugumu wa kusoma maandishi kwa kuwa herufi humchanganya, na uwezo wake mkubwa ni kufungua na kubatilisha mambo mabaya. Chichi anaishi na mama yake katika kibanda kilichojaa vitabu, ana ulimi mkali, na akisoma kitu mara moja hakimtoki. Sasha ametoka Chicago, amepelekwa Nigeria na wazazi wake kwa sababu ya matata, na yeye ndiye hasa ambaye neno akata linamlenga. Sunny ni wa nne. Mbele ya kila jina andika upungufu ambao watu wa kawaida wanamlaumu nao, kisha acha nafasi. Ukiendelea kusoma utaijaza nafasi hiyo, kwani kanuni kuu ya ulimwengu huu ni kwamba kile ambacho shule na mtaa hukiita kasoro ndicho mlango wa uwezo wa mtu.

Kanuni ya pili ya kuandika inahusu fedha. Watu wa Chui hutumia vipande vya metali vilivyopinda vinavyoitwa chittim, na vile vya shaba ndivyo vyenye thamani kubwa zaidi, kinyume na tulivyozoea. Chittim haziibiwi benki wala hazipatikani kwa biashara peke yake: huanguka kutoka hewani mtu anapojifunza jambo la kweli. Kila zinapoanguka, simama. Rudi nyuma ukurasa mmoja au miwili, ujiulize Sunny amejifunza nini hasa, uandike jibu kwa sentensi moja. Mara nyingine jibu liko wazi, kama vile ameweza kutumia dawa fulani ya kichawi ya unga. Mara nyingine hakuna dawa yoyote iliyotajwa, na alichojifunza ni jambo la moyo: kuomba radhi, kumwelewa asiyempenda, kukubali hofu. Kusoma kwa namna hii kunachelewesha, lakini mimi sijapata njia bora zaidi ya kukielewa kitabu hiki, kwa sababu mwandishi ametutengenezea mwenyewe alama za kutuonyesha mahali anapoona hadithi imepiga hatua.

Kati ya sura na sura utakutana na vipande kutoka kwenye kijitabu cha mwongozo ambacho Sunny amepewa akisome. Wasomaji wengi huviruka. Usiviruke, lakini pia usiviamini moja kwa moja. Vimeandikwa na mtu ambaye, ndani ya hadithi, anawadharau wale kama Sunny walioingia bila kulelewa na wazazi wa jamii hiyo, na sauti yake ni ile ya mwalimu anayemweleza mwanafunzi kwamba hatafika popote. Visome ukiwa na maswali mawili: hapa ananipa habari gani ya kweli, na hapa anamdhalilisha nani? Jambo hili ni moja ya akili kubwa za kitabu. Limetufundisha wengi wetu kwamba kitabu cha maarifa kinaweza kuwa na habari sahihi na moyo mbaya kwa wakati mmoja.

Kuhusu mwendo wa hadithi, jiandae mapema ili usivunjike moyo. Tangu mwanzo unaambiwa kwamba kuna muuaji anayeteka watoto, anayeitwa Black Hat Otokoto, na ungetegemea watoto wanne waanze kumsaka mara moja. Hawafanyi hivyo. Sehemu kubwa ya kitabu ni masomo: wanavuka daraja jembamba juu ya mto kufika Leopard Knocks, mji wa siri wa jamii yao, Sunny anapata kisu chake cha kichawi, wanakwenda kwa mwalimu wao Anatov, wanafika Abuja kwenye tamasha ambalo lina mieleka ya kutisha na mpira wa miguu, mchezo ambao Sunny anaupenda kwa dhati na ambao hapo awali alikuwa akiucheza jioni tu kwa kuogopa jua. Pambano na muuaji linakuja mwishoni kabisa na linakwisha upesi. Nakiri kwamba hapo kitabu kinakimbia kuliko ilivyostahili, na ningependa mwandishi angetupa kurasa nyingi zaidi. Lakini anayekisoma kama hadithi ya msako atakiona kimepooza, na anayekisoma kama hadithi ya kufundwa, yaani mtoto anaingizwa jandoni au unyagoni mwa watu wake, ataona kwamba kila sura iko mahali pake.

Jina la muuaji huyo nalo lina uzito ambao msomaji wa nje anaweza kuukosa. Mwaka 1996, mjini Owerri, si mbali na Aba, mauaji ya mtoto yaliyohusishwa na imani za kutafuta utajiri yalifungamana na hoteli iliyoitwa Otokoto, na wakazi wa mji waliingia mitaani kwa hasira wakachoma mali za waliowatuhumu kujitajirisha kwa njia hiyo. Mwandishi anapompa muuaji wake jina hilo, anamwambia msomaji wa Nigeria kwamba hofu hii si ya kubuni. Msomaji wa Tanzania hahitaji maelezo marefu kulielewa hilo.

Na hapa nafika kwenye sehemu ambayo singependa mtu aisome kwa haraka. Kwetu, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta mali; mauaji hayo yaligonga vichwa vya habari kuanzia takriban mwaka 2007, na mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Katika mikoa hiyohiyo akina mama wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wakati mwingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi unaweza kuyafanya mekundu bila msaada wa uchawi wowote. Kitabu kinachomfanya msichana mwenye ualbino awe shujaa mwenye nguvu za kichawi kinagusa kidonda kibichi. Kinaweza kutibu, kwa kuwa Sunny ana akili, hasira, marafiki na ndoto, wala si kiungo cha mtu mwingine kutajirikia. Kinaweza pia kueleweka vibaya na mtu ambaye tayari anaamini kwamba kuna uchawi ndani ya miili ya watu hawa. Kwa hiyo, ukikisoma na kikundi, darasa au watoto wako, lisemeni jambo hili kwa sauti kabla ya sura ya kwanza: uwezo wa Sunny ni wa hadithi, na mtu mwenye ualbino ni mtu ambaye mwili wake una upungufu wa rangi iitwayo melanini, jambo ambalo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Tumieni maneno mtu mwenye ualbino. Lile neno la zamani tulilolisikia utotoni limekuwa tusi, kama vile akata lilivyo tusi, na watoto wataona ulinganifu huo wenyewe wakipewa nafasi.

Kuna jambo moja la afya ambalo mzazi au mwalimu anapaswa kulisahihisha. Baada ya Sunny kuingizwa katika jamii ya Watu wa Chui, jua linaacha kumdhuru, naye anafurahi kucheza mchana. Ndani ya hadithi ni furaha kubwa, na jina lake la ndani, Anyanwu, ambalo kwa Kiigbo ni jicho la jua, linaipa furaha hiyo maana. Nje ya hadithi jua haliachi kudhuru. Saratani ya ngozi huua watu wengi wenye ualbino barani Afrika, na kinga yake ni kofia pana, nguo ndefu na mafuta ya kujikinga na jua, kama yale yanayotengenezwa Moshi katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC. Ikiwa katika darasa lako kuna mtoto mwenye ualbino, mwambie hilo kwa upole na faragha, kisha mwache aifurahie sura hiyo kadiri apendavyo.

Wazazi wengine watauliza kama inafaa mtoto mcha Mungu asome hadithi za uchawi. Hilo ni swali la heshima na linastahili jibu la heshima. Watoto wetu wamekua na ngano za mazimwi, majini na Sungura mwenye hila, na hakuna aliyekuwa zimwi kwa kusikiliza. Kinachofaa kuangaliwa ni umri. Kitabu kina watoto waliotekwa na kuuawa, na mapema kabisa kuna tukio la shuleni ambapo mwalimu anamkabidhi Sunny kiboko awachape wenzake waliofanya vibaya katika insha, naye anashindwa, kisha wenzake wanamlipizia njiani. Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi ningesoma naye sura kwa sura, kwa sauti, nikiacha nafasi ya maswali. Aliyefika miaka kumi na miwili, umri wa Sunny mwenyewe, anaweza kusoma peke yake.

Ukimaliza, usifungue kitabu cha pili siku hiyohiyo. Kaa siku kadhaa, kisha rudi kwenye kurasa za mwanzo, kwenye ule mshumaa, uzisome tena ukiwa na daftari lako. Utaona kwamba mambo kadhaa uliyoyapita kama rangi ya mandhari yalikuwa yamekwisha kuwekwa hapo kwa hesabu, na pia kwamba kile alichokiona Sunny ndani ya moto bado hakijatokea. Andika maswali yaliyobaki katika kurasa za mwisho za daftari, na uache kurasa mbili tatu tupu kwa ajili ya Nsibidi, maana katika kitabu cha kwanza Sunny ameanza tu kuisoma, na Akata Warrior inauendeleza usomaji huo.